Kurasa Kumi na Sita za Tumbaku

Rehema alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele, akasema Kosmas amefariki juzi na mazishi ni kesho huko kwao, ng'ambo ya Namtumbo. Nikamuuliza saa ngapi, akasema ibada inaanza saa sita. Nikamuuliza kama tutakwenda pamoja, akasema atanipitia. Kisha nikamaliza kuchambua mchele wangu, nikauosha, nikaubandika jikoni. Wapo watu ambao wakipata habari za msiba hupiga kelele, na wapo wanaokaa chini palepale. Mimi habari mbaya hunikuta kama mtu aliyelalia mkono wake: mkono nauona, najua ni wangu, lakini siusikii. Nimekuwa hivyo tangu mwaka niliokuwa kidato cha pili, na Kosmas yumo katika sababu zake. Mwaka huo sijawahi kuusimulia. Hata Rehema, ambaye tumekuwa marafiki tangu siku zile, alikuwa anaujua nusu tu, na nusu hiyo ndiyo inayochekesha.

Sitaanza na kuzaliwa kwangu wala na ukoo, maana hayo hayaongezi wala kupunguza kitu. Nianze na chumba. Kilikuwa nyuma ya sakristia ya parokia yetu pale Songea mjini, kirefu na chembamba, na kabla yetu kilikuwa stoo ya mahindi ya zaka, kwa hiyo hata baada ya kupakwa chokaa kiliendelea kunuka pumba na panya. Sista Benigna, mtawa wa Kimatengo, mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, alikitia rafu na mabenchi mawili akakiita maktaba. Vitabu havikufika hamsini. Vingi vilikuwa vya maisha ya watakatifu, vya kilimo bora na vya usafi wa choo, na hivyo hakuna aliyevigusa. Tulichokifuata sisi ni Tulizo. Kila Jumamosi baada ya usafi wa kanisa tulijazana mle, vijana kumi na watano hivi, Sista akatugawia uji wa ulezi katika vikombe vya bati. Mwezi wa sita, baridi ya Songea inapouma mpaka masikio, tulivishika vile vikombe kwa mikono miwili muda mrefu baada ya uji kwisha. Ndipo ubishi ulipoanza.

Asiyewahi kumsoma Tulizo nimweleze kidogo. Ni msichana wa kijijini aliyeingia ndani ya kichuguu akimfuata mbuzi aliyepotea, akatokea katika nchi iliyo chini ya ardhi, ambako watu hawana vivuli na wanaishi kwa kuiba vivuli vya walio juu. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameibiwa chake na alikuwa akikonda kila siku, basi Tulizo akaapa kukirudisha. Vilikuwa vitabu vitano vyembamba vya karatasi ya kijivu vilivyochapwa Dar es Salaam, na cha sita kilikuwa kimeahidiwa. Kwa umri wetu tulikuwa tumevuka kidogo vitabu vile, lakini hakuna aliyeona haya. Tulikuwa na makundi kama ya watu wa mpira. Wapo waliokuwa wa cha Kwanza, ambao walisema mengine yote ni kutia maji kwenye mchuzi. Wapo wa cha Tatu, wengi wao wavulana, kwa sababu ya vita vya siafu. Rehema, ambaye baba yake alikuwa amehamishiwa Songea kikazi kutoka Nalasi huko Tunduru, alikuwa wa cha Pili na hakuyumba hata siku moja. Aliingia mle na mtandio wake akasema asalaam aleikum, Sista akamjibu Tumsifu Yesu Kristo, na wote wawili wakaridhika. Kisha akaketi, akatuambia kwamba asiyelia pale Tulizo anapomwacha mbuzi wake ana moyo wa jiwe na asisogee karibu naye.

Nikiyafikiria sasa, nadhani tulibishana vile kwa sababu mle chumbani mambo yalikuwa na mpangilio, na nje yalikuwa yanabadilika kila tulipogeuza shingo. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoanza kuachia watu wafanye biashara. Maduka ya ushirika, ambayo utotoni mwangu yalikuwa na chumvi, viberiti na foleni, yalifungwa moja baada ya jingine, na pembeni yake watu wakafungua vibanda vyenye sabuni za rangi tatu. Mitumba ikafurika. Mtu uliyemjua kama mwalimu unamkuta jioni anauza mafuta ya taa kwa kibaba. Shangazi, niliyekuwa nikikaa kwake mtaa wa Mfaranyaki, alifungua genge karibu na stendi, akawa anauza mandazi, maparachichi na karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. Yeye alifurahi. Alisema amengojea maisha yake yote kuuza karanga bila kukimbizwa na mtu, na sasa hata akinyeshewa yuko radhi.

Kitabu cha Nne kilitufikia mwezi wa pili, tayari kinaachia, kurasa zimeshikana na jalada kwa kubembelezana tu. Sista alikuwa na sheria kwamba kitabu kikiachia kinashonwa palepale tulipo, kwa sindano na uzi na gundi ya unga wa muhogo, na mimi ndiye niliyekuwa fundi. Nilikuwa najua kukifumua kitabu mikunjo mikunjo, kukitoboa upya, kukishona na kukata kingo kwa wembe ili zilingane. Vitabu vyetu vingi havikuwa na namba za kurasa kwa sababu ya wembe wangu. Basi akanipa kile cha Nne nikakishone kabla hakijasomwa na mtu, kama heshima. Nikaenda nacho nyumbani, nikakisoma mara mbili, nikakifumua, nikaipanga mikunjo yake juu ya meza, nikaenda kuteka maji. Niliporudi mkunjo wa katikati, kurasa kumi na sita, haukuwepo.

Nilikimbia mpaka stendi. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kigoda chake anafunga karanga, na karatasi ya mwisho mkononi mwake ilikuwa gazeti. Zile za kijivu zilikuwa zimekwisha. Basi la Mbinga lilikuwa limeshaondoka, la Tunduru lilikuwa linapakia, na nilizunguka madirishani nikitazama mikono ya watu kama kichaa, nisione kitu. Nilipomweleza Shangazi akasema karatasi ni karatasi, na kwamba ningependa vitu vyangu visiguswe nisingeviacha kwenye meza ya kulia chakula. Hakuwa mtu mbaya. Aliniongezea hata mandazi mawili.

Hofu yangu ilikuwa Sista. Aliyepoteza kurasa alitajwa jina kanisani baada ya matangazo ya misa ya pili, na mlango wa maktaba ukafungwa kwake. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alichana ukurasa akasokotea sigara, na mama yake alihamia misa ya kwanza kwa aibu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na mle chumbani ndimo mahali pekee ambapo watu walinyamaza nikisema. Basi nikachukua kutoka rafu ya kilimo kijitabu kimoja cha tumbaku ambacho hakuna aliyekuwa amekiazima tangu kifike. Kilikuwa na ukubwa uleule, karatasi ileile ya kijivu, hata herufi zililingana. Nikachomoa mkunjo wake wa katikati, kurasa kumi na sita, nikaushona ndani ya Tulizo wa Nne. Nikakata kingo na namba zikaenda. Kilichobaki cha kile kijitabu nikakitupa chooni. Nilijiambia kwamba msomaji wa kwanza atakayefika pale atashtuka, ataona ni kosa la wachapaji wa Dar, na lawama itawaangukia watu nisiowajua.

Hakuna aliyeshtuka. Mpaka leo nikikumbuka hili sijui nicheke au nifanye nini. Kabla ya mkunjo ule, Tulizo anafikishwa kwenye nyumba moja katika nchi ya chini, nyumba ndefu isiyo na dirisha, na bibi mmoja anamwambia asubiri maelekezo. Unafungua ukurasa, na maelekezo hayo hapo. Nyumba isiwe na dirisha. Majani yafungwe kwenye fito, yatungikwe kuanzia juu, yasibanane. Moto wa kwanza uwe mdogo mno, moshi bila ndimi, na mlango usifunguliwe ovyo mpaka rangi igeuke. Yakaendelea hivyo kurasa kumi na sita, pamoja na mchoro wa bwana mmoja wa kaptura ndefu amesimama mbele ya nyumba, mkono kiunoni. Kisha unafungua ukurasa mwingine na Tulizo anatoka nje, kivuli cha mdogo wake kimekunjwa vizuri begani kwake. Kila aliyesoma alielewa kwamba vivuli vinatibiwa kwa moshi. Wakaanza kubishana yule bwana wa kaptura ni nani. Wa cha Tatu walisema ni mlinzi wa vivuli na kwamba atarudi katika cha sita kwa shari. Rehema alisema kitabu kizima ni moshi mtupu na kwamba mwandishi alikuwa amechoka. Mimi nilimuunga mkono kwa nguvu zote, nikitaka kitabu kile kirudi rafuni kikae huko.

Aliyetushinda ni Kosmas. Alikuwa ametuzidi miaka miwili, maana alianza shule amechelewa, na alikaa kwa baba yake mdogo kule Mshangano, nje ya mji, akija mjini kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Kwao walilima tumbaku ya moshi, na ncha za vidole vyake zilikuwa na weusi usiotoka hata kwa sabuni mpya za ruksa. Mle chumbani alikuwa mtu wa kusikiliza. Jumamosi ile alikuja na kitabu kile kifuani, akangoja tumalize kelele zetu, kisha akaongea bila kuinua sauti.

"Aliyeandika hiki amekaa banini," alisema. Bani ndiyo nyumba wanayokaushia tumbaku. "Hajasimuliwa, amekaa mwenyewe. Moto wa kwanza ukiuzidisha kidogo tu, jani linabaki kijani mpaka mwisho, na hili hakuna mtu wa mjini anayelijua. Ninyi mnataka mapanga. Hapa Tulizo hapigani na mtu. Amekaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, anatazama moto mdogo na hana wa kuongea naye. Mimi nimeona dada zangu wakikaa hivyo. Nilikuwa sijui kwamba na hilo linaandikwa kitabuni."

Sista, aliyekuwa akikusanya vikombe, alisimama navyo mkononi. Tangu siku hiyo cha Nne kikapata kundi lake, na likakua kila Jumamosi. Mimi nikawa mpinzani mkuu. Nilisema sura ile haina maneno ya watu, haina jina la Tulizo hata mara moja, inaamuru tu kama mwalimu wa zamu. Kosmas akanijibu kwamba jina la Tulizo halimo kwa sababu mtu akikaa na moto siku nyingi anajisahau jina. Alinijibu vizuri kila mara. Zilifika Jumamosi ambazo mimi mwenyewe nilisahau kabisa nani aliyeziweka zile kurasa, nikabishana naye kwa moyo mweupe, na nikashindwa kwa haki. Nafikiri hizo ndizo saa nzuri kuliko zote nilizopata mwaka ule, na ni jambo la ajabu kulisema.

Lakini yeye hakuwa anabishania mchezo. Baba yake, ambaye yeye alimwita Dadi, alikuwa amemwambia kwamba mwaka ule ndio wa mwisho wa kumsikiliza. Mikono ilikuwa imepungua shambani, na mzee hakuona shule inamfundisha mwanawe nini kinachohusu watu wa kwao. Kosmas alinieleza haya siku moja tukiosha vikombe, bila kulalamika, kama mtu anayetaja umbali wa njia. Alitaka kufika kidato cha nne. Alitaka hata zaidi ya hapo, akaniambia huku akitazama ndani ya kikombe, kwamba siku moja aandike na yeye. Likizo ya mwezi wa sita akamwomba Sista ruhusa ya kwenda na Tulizo wa Nne nyumbani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuruhusiwa, na Sista akakubali. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilipaswa kusema wakati ule, na nilijua kwamba napaswa. Nikamfungia kitabu kwenye nailoni kisilowane.

Aliporudi mwezi wa saba alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amekaa na baba yake nje ya bani, wakati wa moto wa mwisho wa msimu, akamsomea zile kurasa zote kumi na sita. Mzee hakujua kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudiwe pale penye kugeuka kwa rangi, kisha akasema maneno ambayo Kosmas aliyarudia mara nyingi mpaka tukayajua kwa moyo: kwamba kumbe huko kwenye vitabu wamo watu. Akamruhusu kuendelea na shule. Sista alifurahi mno akasema basi na tumwandikie mwandishi, tumweleze kitabu chake kimefanya nini huku kusini, na Kosmas ndiye atakayeandika. Aliiandika barua ile wiki tatu. Alitusomea. Alimshukuru mwandishi kwa niaba ya wakulima wa tumbaku, na akamuuliza alijifunzia wapi. Wote tulitia sahihi, na mimi niliitia yangu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba barua za watoto hazijibiwi.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi. Sista hakulisoma kwanza peke yake, alitaka tulisikie wote pamoja, akalifungua mbele yetu Jumamosi baada ya uji, akasoma kwa sauti yake ya masomo ya Pasaka. Mwandishi alishukuru sana. Alisema hajawahi kupata barua nzuri kama ile. Kisha akasema kwamba ndani ya kitabu chake hakuna sura ya tumbaku, hajui lolote kuhusu tumbaku, wala hajafika Ruvuma, na labda vijana wamechanganya na kitabu kingine. Sista alipunguza sauti alipofika hapo, lakini hakuwa na pa kukimbilia, akamaliza. Tukamtazama Kosmas.

"Amesahau," alisema Kosmas. "Ameandika vingi, amesahau."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili. Rehema, ambaye alikuwa na akili kali kuliko sisi sote na hakuwahi kuiweka kando kwa ajili ya mtu, alikuwa ameshachukua kitabu rafuni akakifungua katikati. Akatazama ule mchoro wa bwana wa kaptura, akasema jamani huyu si mlinzi wa vivuli, huyu ni bwana shamba. Hizi ni kurasa za kilimo bora zimeingia humu. Chumba kizima kikaangua kicheko. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo, wa cha Tatu wakapanda juu ya benchi wakaanza kusoma maelekezo ya fito kwa sauti ya mahubiri, na Sista mwenyewe, Mungu amsamehe, alijifunika mdomo kwa kitambaa. Mimi pia nilicheka. Sista akaniuliza kama nilipokishona niliona kitu, nikasema kilikuja hivyohivyo, akasema basi ni hao hao wa Dar, na hakuna aliyeuliza tena. Kosmas alikaa mpaka mwisho. Alitabasamu hata. Toka siku hiyo jina lake shuleni, sokoni na njiani likawa Bwana Shamba, na wapo walioliita kwa mapenzi kabisa, lakini aliyebeba jina ni yeye.

Wiki mbili baadaye alinikuta gengeni. Shangazi alikuwa ameenda kununua unga, nami nilikuwa nakaanga karanga. Alikuwa na sanduku lake la bati. Alinisalimia, akaliweka sanduku chini, akatazama kikaango kwa muda.

"Editha, wewe ndiye uliyekifumua," alisema. "Ulipokifumua, zilikuwemo?"

"Zilikuwemo."

"Kweli?"

"Kilikuja hivyohivyo, Kosmas."

Akaitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyehesabu kitu na jumla ikaja sawa. "Maana kama kuna mtu aliyeziweka," alisema, "ningemwambia Dadi kuna mtu aliyetuchezea, na angeelewa, watu huchezeana. Lakini kama zimejiangukia tu humo, nitamwambia nini? Nitamwambia huko vitabuni hatumo?"

Alikuwa ananifungulia mlango kabisa. Hakuwa na hasira. Angeweza kumpelekea baba yake jina langu na mambo yakaisha kwa kunilaani, na shule akabaki nayo. Nilichota karanga za moto nikazifunga, nikampa azile njiani. Akashukuru. Alipanda gari la Namtumbo na hakufanya mtihani wa kidato cha pili, na hapo ndipo nilipoanza kuwa hivi nilivyo. Nilisubiri kusikia vibaya, siku ile, kesho yake, na hata Krismasi nikiwa kwenye misa. Nilikuwa nakula, nalala, napata alama nzuri. Hakikuja kitu. Nilidhani nimepona, kumbe nilikuwa nimekufa ganzi, na mtu mwenye ganzi hajui ameumia wapi.

Chumba chenyewe hakikudumu. Mwaka uliofuata kukafunguliwa banda la video kule Lizaboni na nusu ya wa cha Tatu wakahamia huko. Sista Benigna akahamishwa. Kitabu cha sita hakikutoka kamwe. Walisema mwandishi ameacha, wengine wakasema waliokuwa wakimchapa wamefunga. Mimi nikasoma, nikawa karani, nikaolewa, nikafiwa na mume, na kila mara watu walinisifu kwa kujikaza.

Barabara ya Namtumbo siku hizi ni lami. Njiani Rehema alisema jambo moja tu la zamani, kwamba lile jina la Bwana Shamba alilianzisha yeye na linamuuma. Nikamwambia yalikuwa mambo ya utoto. Tulifika ibada imeshaanza. Tulimzika, ikasomwa historia yake: mkulima, mgane, baba wa watoto watano, mwenyekiti wa kigango. Nilitupa udongo wangu. Baadaye nikaenda upande wa jikoni na wanawake wengine, na binti yake mkubwa, Imelda, mama mtu mzima mwenye mikono ya baba yake, alikuwa anasimamia sufuria la maharage. Akaniamkia shikamoo, nikaitika. Alipojua jina langu aliacha mwiko.

"Kumbe mama Editha ndiye wewe," alisema. "Uliyekuwa unapinga cha Nne."

Ikawa zamu yangu kutokuelewa. Akanieleza kwamba baba yao aliwakuza na Tulizo. Kila msimu, wakikaa kwenye moto wa bani, aliwasimulia vitabu vyote vitano kwa mpango, na alipofika cha Nne aliwasimulia pia ubishi wetu, akiigiza sauti ya kila mmoja. Mama Rehema akisema moshi mtupu, mimi nikisema inaamuru kama mwalimu wa zamu, yeye akijibu. Watoto walikuwa wanagawana pande. Barua ya mwandishi hakuitaja, nikaelewa kwamba baba yao hakuwahi kuwaambia. Vitabu vyenyewe hawakuviona hata kimoja, lakini mpaka leo, alisema Imelda, wadogo zake wawili hawaelewani kuhusu cha Pili na cha Nne. Aliyasema kwa furaha, macho yamevimba kwa kulia.

Nikamwambia. Sikujiandaa wala sikuwa na moyo mkubwa, yalitoka tu, nikiwa nimeshika bakuli la chumvi. Nilimwambia zile kurasa za tumbaku hazikuwa za mwandishi wala hazikujiangukia. Nilizishona mimi, kwa sababu zile zenyewe zilifungiwa karanga nikaogopa kusemwa, na baba yako aliniuliza uso kwa uso nikamwongopea, na ndiyo maana alirudi hapa. Rehema alikuwa nyuma yangu, akasikia yote. Nilimngoja Imelda anitukane. Nilitaka anitukane.

Aliyageuza maharage yasiungue.

"Sasa zile zenyewe zilisemaje?" aliuliza. "Zilizopotea. Tulizo alikipataje kivuli cha mdogo wake?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nimekisoma kile kitabu mara mbili kabla ya kukifumua. Katika Songea nzima hakuna mwingine aliyewahi kuzisoma zile kurasa. Nikamtafuta Tulizo mle ndani ya nyumba isiyo na dirisha, nikamwona Kosmas ameinama, anatazama moto mdogo, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Na pale, mbele ya watu, nikausikia mkono wangu, bakuli likainama, chumvi ikamwagika.

"Sikumbuki, mwanangu," nilisema.

Imelda akanipokea bakuli.

"Basi alikikausha kwa moshi," alisema, akarudi kwenye maharage yake.